Ini lenye mafuta: Dawa ya mimea isitangulie kipimo

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeotesha katika ardhi mimea ya kila namna, mingine ikawa chakula na mingine ikawa dawa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba wake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tumeona tuzungumzie maradhi ambayo yameingia katika nyumba zetu nyingi bila ya kubisha hodi, nayo ni ya ini kujaa mafuta. Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo hili liletwe katika ukurasa wa dini. Sababu ni mbili. Kwanza, maradhi haya yamezusha dhana mbaya ndani ya familia. Pili, dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili yake huuzwa kwa jina la dini yetu, nje ya misikiti yetu, mara tu watu wanapotoka katika Swala ya Ijumaa. Jambo linalouzwa kwa jina la Mtume (SAW) linatuhusu sote.

Si ugonjwa wa walevi peke yao

Ini ni kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya mwili. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na limelazwa upande wa kulia, chini ya mbavu. Damu inayotoka tumboni na katika utumbo hupita kwanza katika ini kabla ya kusambaa mwilini. Kwa hiyo kila tonge tunalomeza, kila kidonge na kila kijiko cha dawa ya majani, hisabu yake hufanyika hapo.

Mtu anapokula wanga, sukari na mafuta zaidi ya mahitaji yake, na insulini ikawa haifanyi kazi sawasawa mwilini, ini huanza kuhifadhi ziada hiyo kwa sura ya mafuta. Mafuta yakizidi asilimia 5 ya ini, matabibu husema ini hilo limeingia ugonjwa. Kwa watu wengi hali huishia hapo. Kwa wengine ini huvimba, likaota makovu, na baada ya miaka mingi likasinyaa na kukakamaa, hali inayoitwa sirosisi, au likapata saratani. Katika muda wote huo mgonjwa anaweza asihisi maumivu yoyote. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na hapa pana kovu ambalo hata mwenyewe halioni.

Inakadiriwa kuwa watu wazima watatu katika kila kumi duniani wana mafuta katika ini, na nchi za Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ambako wengi hawanywi pombe, ni miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Mwaka 1980 daktari Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 20 ambao maini yao yalionekana kama ya walevi ilhali hawakuwa walevi. Mwaka 2023 wataalamu wa ini duniani waliubadilisha rasmi jina la ugonjwa huu wakaliondoa neno pombe, kwa sababu jina la zamani lilikuwa likiwavunjia wagonjwa heshima.

Tunayasema haya kwa sababu yapo majumbani. Mume anarudi na karatasi ya hospitali inayosema ini lake lina kasoro, na mke anaanza kujiuliza mumewe huenda wapi jioni. Mzazi anapimwa, watoto wanatazamana. Mwenyezi Mungu (SW) katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, ametuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, akatujulisha kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Asiyekunywa pombe anaweza kupata ugonjwa huu kwa chapati, soda na kukaa kitako. Basi tusimwongezee mgonjwa maradhi ya pili, ya kutuhumiwa na watu wake.

Kujitibu ni katika dini

Uislamu haukumtaka mgonjwa akunje mikono akisema ni majaaliwa. Imepokewa kutoka kwa Usama bin Sharik (RA), katika mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi, kwamba mabedui walimuuliza Mtume (SAW) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa, isipokuwa uzee. Asali imetajwa katika Surat An-Nahl, aya ya 69, kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Na habbat sauda imetajwa katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira (RA), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, kuwa ni ponyo ya kila ugonjwa isipokuwa mauti.

Hadithi hii ya mwisho ndiyo inayoandikwa katika chupa nyingi za mafuta na unga. Ni hadithi sahihi wala hakuna Muislamu anayeitilia shaka. Lakini tujiulize wanazuoni wameifahamu vipi. Imam Al-Khattabi alieleza kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni mahususi, yaani ni ponyo ya maradhi yanayolingana na tabia ya dawa hiyo. Wapo waliompinga wakaiacha katika ujumla wake. Naye Ibn Hajar Al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, katika sherehe yake ya Sahihi Bukhari ameeleza kuwa habbat sauda huweza kutumiwa peke yake au kwa kuchanganywa na kitu kingine, kwa kusagwa au bila ya kusagwa, kwa kuliwa, kunywewa au kudondoshewa. Maana yake ni kwamba pana elimu ya namna na kipimo. Hadithi imetuonyesha dawa. Haikumpa ruhusa kila mwenye meza ya biashara kumwambia mgonjwa wa ini aache dawa za hospitali.

Majaribio yanasema nini

Wazee wetu katika Uislamu hawakuwa watu wa kubahatisha. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake Al-Qanun aliweka masharti ya kuijaribu dawa: iwe haijachanganyika na sifa ngeni, ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usioingiliana na mwingine, athari yake ionekane kila mara au mara nyingi ili isiwe ni sadfa, na ijaribiwe kwa binadamu, kwani kilichomfaa mnyama huenda kisimfae mtu. Tukizipima dawa za mimea kwa mizani hiyo, tutaona kwamba sifa nyingi zinazotangazwa zimetokana na majaribio ya panya. Tutaje zile ambazo zimejaribiwa kwa watu.

Ya kwanza ni habbat sauda yenyewe. Imejaribiwa kwa wagonjwa wa ini lenye mafuta katika nchi za Iran na Pakistan. Baadhi ya majaribio yameonyesha kushuka kwa vimeng'enya vya ini katika damu, jambo ambalo ni dalili njema. Hata hivyo majaribio hayo yalikuwa ya watu wachache na ya muda mfupi, wiki 12 au karibu na hapo. Hayajathibitisha kuwa inaondoa makovu wala kuwa inazuia sirosisi.

Ya pili ni silimarini, inayokamuliwa katika mbegu za mmea wa miiba wenye ua la zambarau, asili yake nchi za Bahari ya Kati, ambao kwa jina la kitaalamu ni Silybum marianum. Mmea huu umetumika kwa maradhi ya ini kwa karne nyingi, na vidonge vyake hupatikana katika maduka ya dawa mijini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Malaya, nchini Malaysia, walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 99. Nusu walipewa silimarini miligramu 700 mara tatu kwa siku na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 48, na vipande vidogo vya maini yao vikachunguzwa kabla na baada. Waliopata nafuu iliyokusudiwa walikuwa asilimia 32.7 kwa waliotumia dawa, na asilimia 26.0 kwa wasioitumia. Tofauti hiyo ni ndogo, na huweza kuwa ya kubahatisha. Makovu yalipungua kwa asilimia 22.4 ya waliotumia dawa na asilimia 6.0 ya wenzao. Hilo linatia moyo, lakini watafiti wenyewe walisema kuwa linahitaji kuthibitishwa kwa jaribio kubwa zaidi.

Ya tatu ni manjano. Kiini chake kiitwacho kukumini kimeonyesha nafuu katika baadhi ya majaribio madogo. Manjano ya kupikia mchuzi hayana ubaya. Tatizo limeonekana katika vidonge vyenye kiini kilichokolezwa, hasa vinapochanganywa na pilipili manga ili kiini hicho kiingie zaidi katika damu. Madaktari wa mtandao wa Marekani unaofuatilia madhara ya dawa kwa ini wameeleza habari za watu kumi walioumizwa ini na vidonge vya manjano kati ya mwaka 2011 na 2022. Watano walilazwa hospitalini na mmoja alifariki. Hebu tutafakari: dawa inayosifiwa kusafisha ini, kwa watu hao ndiyo iliyoliumiza.

Mambo yako hivyo hivyo kwa majani ya chai ya kijani. Kuyanywa kama chai ni salama kwa watu walio wengi, lakini mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilionya kuwa kiini chake kilichokolezwa, kikifikia miligramu 800 kwa siku au zaidi, kinaweza kupandisha vimeng'enya vya ini. Dozi hizo huwamo katika vidonge vya kupunguza tumbo.

Asili haina maana ya salama

Watu wengi husema: haya ni majani tu, yakikosa kufaa hayatadhuru. Kauli hii si kweli. Miraa ni majani, na madaktari wa Uingereza wameandika habari za vijana waliofikwa na uvimbe mkali wa ini kwa kuitafuna. Sumu-kuvu hutoka katika mahindi yaliyoota ukungu, na mwaka 2004 watu 125 walipoteza maisha mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi hayo, kwa kuwa maini yao yaliharibika. Majani ya dawa yaliyoanikwa vibaya na kuwekwa penye unyevu nayo huota ukungu.

Kuna na udanganyifu. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuwa zikikamata bidhaa za kupunguza unene zinazoitwa za asili, kumbe zimetiwa kwa siri sibutramini, dawa ya viwandani iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Mnunuzi anadhani amenunua mti, kumbe ameuziwa kemikali asiyoijua.

Hapa ndipo linapokuja suala la dhamana. Katika hadithi iliyopokewa na Amr bin Shuaib kutoka kwa baba yake kutoka kwa babu yake, iliyomo katika Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, Mtume (SAW) ameeleza kuwa mwenye kutibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayosababisha. Ibn Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, ameifafanua hukumu hii kwa urefu katika Zad Al-Maad, katika sehemu ya tiba ya Mtume, kitabu ambacho wauzaji wengi wa dawa za Sunna hukitaja. Basi wakitaje na mlango huo. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwapo muhtasib, mkaguzi wa soko, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa ni kuwakagua wauza dawa wasichanganye kibaya na kizuri. Kwa Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mtoa tiba asiliajiandikishe katika baraza lake. Muislamu mkweli hana sababu ya kukimbia ukaguzi.

Hatusemi haya kuwavunjia heshima matabibu wa tiba asili. Wapo wenye elimu na uchaji Mungu. Na mimea imeipa dunia dawa kubwa: ile dawa ya mseto ya malaria tunayowapa watoto wetu, kiini chake kimoja asili yake ni mmea wa pakanga ya Kichina, na mtafiti wake, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini mmea huo ulichunguzwa, kiini chake kikatolewa, kipimo chake kikajulikana, na ndipo ukawa tegemeo. Hiyo ndiyo njia.

Tiba iliyothibitika

Sasa tuulize: je, ipo tiba ambayo haina ubishi? Ipo, nayo huanzia katika sahani. Mwaka 2015 watafiti wa Cuba walitangaza habari za wagonjwa 293 wenye uvimbe wa ini unaotokana na mafuta, waliofuata lishe na mazoezi kwa wiki 52. Katika wale waliopunguza asilimia 10 ya uzito wao au zaidi, tisa katika kila kumi uvimbe wa ini uliondoka, na asilimia 45 makovu yao yalipungua. Hata kupunguza asilimia 5 peke yake huanza kuondoa mafuta. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 5 ni kilo nne na nusu, na asilimia 10 ni kilo tisa.

Zimepatikana pia dawa za hospitali kwa wale ambao ini limeshaanza kuota makovu lakini halijafikia sirosisi. Marekani iliidhinisha resmetiromu mwezi Machi 2024, na semaglutaidi mwezi Agosti 2025. Tuzingatie kwamba zote mbili ziliidhinishwa kwa sharti la kwenda pamoja na lishe na mazoezi. Hakuna chupa wala sindano iliyomwondolea mtu wajibu wa kutazama sahani yake.

Na sisi tulishaambiwa haya zamani. Katika hadithi ya Miqdam bin Maadikarib (RA), iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (SAW) amelitaja tumbo kuwa ni chombo kiovu kuliko vyote ambavyo mwanadamu hujaza, akaelekeza kuwa asiyeweza kutosheka na matonge machache basi aligawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Ni ajabu kuona tunaitafuta Sunna katika chupa tukaiacha katika mlo. Funga za Jumatatu na Alhamisi ni Sunna. Kwenda msikitini kwa miguu ni Sunna. Lakini futari yetu ya Ramadhani, yenye sambusa, kaimati, tambi za sukari, mihogo ya nazi na juisi juu yake, humrudishia mtu jioni mara mbili ya alichokiacha mchana.

Kahawa nayo isisahauliwe, kwani ni zao la mmea. Tafiti nyingi za kufuatilia watu zimeonyesha kuwa wanywaji wa kahawa hupata makovu ya ini kwa uchache zaidi. Kahawa chungu ya barazani kwetu, isiyotiwa sukari, imo katika hesabu hiyo. Halua na kashata zinazoandamana nayo hazimo.

Nini cha kufanya

Aliyegunduliwa kuwa na mafuta katika ini aulize kwanza hali ya ini lake imefikia wapi. Picha ya ultrasaundi huonyesha mafuta, lakini haitoshi kueleza makovu. Vipimo vya damu vya vimeng'enya na chembe sahani, pamoja na umri wa mgonjwa, humsaidia daktari kukisia kiasi cha makovu. Apimwe pia kisukari, shinikizo la damu na homa ya ini aina ya B, ambayo ni nyingi katika nchi zetu na haiondoki kwa kupunguza unene. Wagonjwa wengi wa ini lenye mafuta hufa kwa maradhi ya moyo, kwa hiyo dawa za kisukari na presha zisiachwe.

Anayependa kutumia habbat sauda na atumie kwa kiasi cha chakula, kwa nia njema ya kufuata Sunna, wala asimfiche daktari wake. Hasa amweleze ikiwa anatumia dawa za kushusha sukari au za kuzuia damu kuganda, kwani mimea kadhaa huzidisha nguvu za dawa hizo. Vidonge vyenye viini vilivyokolezwa asivianze bila ya ushauri, na akivianza arudie kipimo cha damu. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au mwili ukawasha, aache dawa hiyo na aende hospitali siku hiyo hiyo. Na mgonjwa wa kisukari anayetaka kufunga Sunna ashauriane kwanza na tabibu.

Na mama mwenye jiko ajue kuwa ana sehemu kubwa ya tiba hii mkononi mwake, ila si haki kumwachia peke yake. Baba akidai chapati usiku na soda mezani, jiko litapika kinachodaiwa. Watoto wetu nao siku hizi hupata mafuta katika ini, na wao hula kile wanachotuona tukila.

Ndugu Waislamu, mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake. Tumtegemee Mwenyezi Mungu baada ya kumfunga ngamia, kama alivyofundishwa yule bedui. Tunamuomba Mola Mlezi awaponye wagonjwa wetu, awape matabibu wetu elimu na uaminifu, na atujaalie kuifuata Sunna ya Mtume wake katika chakula chetu kabla ya kuitafuta katika dawa zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.